Washirika waligombana, Kisangani ikalipa



Tunapopita nyumba kwa nyumba kuandika mali ambayo waliorudi walipoteza, swali ni lilelile: "Kuandika-andika hii itatusaidia nini?" Jibu liko katika historia ya Kisangani.

Mwezi wa nane 1998, Rwanda na Uganda waliingia Kongo pamoja, wakisaidia waasi wa RCD juu ya serikali ya Laurent-Désiré Kabila. Hawa hawakuwa majirani tu. Kagame alipigana zamani katika jeshi la Museveni, na vita ya FPR ya 1990 ilianzia Uganda. Nani angefikiri watarushiana mabomu?

Lakini mwaka 1999 RCD ikapasuka. Kundi la Goma likabaki na Rwanda, kundi la Wamba dia Wamba likaenda Kisangani na kushikwa mkono na Uganda. Majeshi mawili yakawa katika mji mmoja, kila moja na waasi wake, na biashara ya almasi katikati. Mwezi wa nane mwaka huohuo wakapigana siku chache. Wakubwa wakakutana, wakasema imeisha. Haikuisha: wakapigana tena mwezi wa tano 2000, kisha tarehe 5 hadi 10 mwezi wa sita. Hii ya mwisho ndiyo watu wa kule wanaita vita ya siku sita.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 inasema raia waliokufa katika siku hizo sita ni kati ya 244 na 760, kufuatana na nani aliyehesabu. Nyumba zaidi ya 400 zilibomolewa, hata kanisa kuu la Notre-Dame lilipigwa. Angalieni hesabu ile: kati ya 244 na 760 kuna watu 516 ambao hakuna anayeweza kusema kwa hakika kama walikufa pale.

Wagombanaji walipatana polepole. Mwezi wa kumi na moja 2001 Kagame na Museveni walikaa meza moja London, Waingereza wakiwa wapatanishi. Kisangani haikuwa na kiti pale.

Kongo ilikwenda kwenye Korti ya Kimataifa, La Haye. Kesi juu ya Rwanda haikuingia ndani, sababu korti ilisema mwaka 2006 kwamba haina uwezo wa kuihukumu. Uganda ilipatikana na kosa mwaka 2005. Kongo iliomba zaidi ya dola bilioni 11 kwa hasara ya vita yote. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022 korti ikatoa milioni 325. Moja ya sababu: uhakikisho haukutosha kuhesabu kila mtu na kila nyumba, basi ikakata bei ya jumla.

Hiyo ndiyo faida ya daftari letu. Jina, kijiji, tarehe, nyumba ya vyumba vingapi, ng'ombe wangapi, nani aliona. Hatuahidi franga kwa mtu yeyote. Lakini wazee wanasema tembo wakipigana, nyasi ndizo zinaumia. Siku ya kuhesabu ikifika, mtu asituambie kwamba pale hapakuwa na nyasi.