Sauti ya Mbeba Chakula: Wimbo Wenye Nguvu na Kumbukumbu za Askari, kutoka Liyongo hadi Kapkatet

Mjadala kuhusu utendi wa Kiafrika umetawaliwa kwa muda mrefu na maswali mawili. La kwanza lilizuka pale Ruth Finnegan (1970) alipotilia shaka kuwapo kwa utendi barani Afrika, na Isidore Okpewho (1979) akamjibu. La pili linamhusu shujaa: ni nani, nguvu zake zatoka wapi, na huanguka kwa sababu gani. Maswali haya yamezaa matunda, lakini yamewaachia wahakiki mazoea ya kudhani kwamba kila nguvu iliyomo katika utendi ni mali ya shujaa, ukiwamo wimbo unaotenda maajabu. Makala haya yanapinga dhana hiyo. Hoja yetu ni kwamba wimbo wenye nguvu hukamilika kwa yule anayeubeba, na aghalabu huyo si mpiganaji. Ikiwa hoja hii ni sahihi, basi huenda kumbukumbu za askari wetu tumekuwa tukizitafuta mahali pamoja tu, na pengine si pale zilipohifadhiwa vyema.

Tuanze na mfano unaojulikana na kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Katika utendi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, Fumo Liyongo amefungwa gerezani akingoja kuuawa. Mjakazi Saada humletea chakula kilichopikwa na mamake, na walinzi hukila kile kizuri. Liyongo anamtuma kwa shairi: mama aoke mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi wanaudharau mkate huo na kumwachia. Kisha, katika ngoma ya gungu aliyoiomba kabla ya kifo chake, kelele za waimbaji na ala zinafunika mlio wa tupa inayokata minyororo.

Hapa pana nyimbo mbili, na zote mbili hutenda kazi. Lakini ya kwanza isingetenda lolote bila Saada. Walinzi wanayasikia maneno yale yale anayoyasikia yeye, wala hawaambulii kitu. Yeye anayafikisha, na mama anayafumbua. Kwa hiyo ajabu ya wimbo haimo katika maneno peke yake, wala katika kifua cha shujaa. Imo katika njia ambayo maneno yanapita, na njia hiyo ni mwanamke mtumwa ambaye walinzi hawakuona sababu ya kumshuku. Uhakiki unaomtaja Saada kama chombo tu cha msuko unarudia kosa la walinzi.

Mfano wa pili unatoka mbali, katika riwaya ya kifantasia ya Ulaya, nao unahusu askari moja kwa moja. J. R. R. Tolkien alikuwa ofisa wa mawasiliano katika mapigano ya Somme mwaka 1916. Katika The Return of the King (1955), Frodo amefungwa katika mnara wa adui, na mtumishi wake Sam amemtafuta bila mafanikio. Akiwa amekata tamaa, Sam anaanza kuimba, na sauti dhaifu inamjibu kutoka juu. Mwandishi wa wasifu wa Tolkien, Humphrey Carpenter (1977), anaeleza kwamba Tolkien alimchora Sam kwa kuwakumbuka askari wa kawaida na watumishi wa maofisa aliowajua vitani, ambao aliwaona kuwa bora kumshinda yeye mwenyewe. Hatudai kwamba Tolkien alimjua Liyongo. Tunachosema ni kwamba mshairi wa Lamu na ofisa wa Somme, kila mmoja kwa njia yake, walipoufikisha wimbo gerezani waliukabidhi kwa mbeba chakula.

Sasa tugeukie nyanda za chai za Kericho na Bomet, ambako swali hili si la vitabuni tu. Wakipsigis wa nyanda hizi wameishi katika historia ambayo neno lilihesabiwa kuwa silaha. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahsusi ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ukoo wa orkoiik, yaani waaguzi walioaminiwa kuwa na nguvu ya kutabiri na kulaani. Walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria. Dola iliyojinadi kuwa ya kisayansi iliyaogopa maneno ya wazee kiasi cha kuyatungia sheria, na hayo yalitukia wakati ambapo kampuni za chai zilikuwa zimekwisha kujikita Kericho tangu miaka ya 1920. Katika Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa eneo hili waliingia katika jeshi la KAR, ambalo vikosi vyake vilipigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Jina lenyewe la Kalenjin, lenye maana ya "nawaambieni", linahusishwa na matangazo ya redio ya John arap Chemallan wakati wa vita hivyo. Sauti isiyo na mwili ilikuwa imeingia nchini.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi nyimbo huko Kapkatet, kwenye barabara ya kutoka Kericho kuelekea Sotik na Bomet. Mmojawapo, ulioimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wa Kipsigis, unaitwa "Chemirocha". Kwa maelezo ya Tracey, jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933 na ambaye sauti yake ilifika huko kwa santuri. Wasichana walimwaza kuwa nusu mtu nusu paa, wakamwalika acheze kwa kurukaruka hadi nguo zimvuke.

Tusivuke mipaka ya ushahidi. "Chemirocha" si wimbo wa vita, na maelezo tuliyo nayo ni ya mgeni aliyeshika kinasa sauti. Hata hivyo, unatufundisha jambo la mbinu. Waimbaji hawa walikua katika miaka ile ile ya uhamisho na vita. Walipokutana na sauti ngeni hawakuiabudu wala hawakuikimbia: waliipa mwili, wakaiingiza katika ngoma yao na kuiamuru icheze. Kwa tendo hilo nguvu ilihama kutoka kwenye mashine kwenda kwa wasichana. Anayeuita wimbo huu kichekesho cha watu wasiojua santuri amesimama mlangoni pamoja na walinzi wa Liyongo, akiudharau mkate wa wishwa.

Katika muongo wa 2010 rekodi za Tracey zilirudishwa Kapkatet, zikasikilizwa na jamii iliyoziimba. Kurudishwa huko kunapaswa kuwa mfano kwa idara zetu. Tukimtuma mwanafunzi Bomet au Kericho kukusanya kumbukumbu za vita, humwelekeza kwa askari mstaafu, na askari wa Burma waliobaki hai ni wachache mno. Hatumwelekezi kwa binti aliyepika siku baba aliporudi, wala kwa mjukuu aliyejifunza wimbo asioujua asili yake. Fantasia iliyomo katika nyimbo zao, wanyama wasiokuwapo na sauti zisizo na miili, tumezoea kuipanga kando ya historia kama pambo. Utendi wa Liyongo unatuonya vingine. Ujumbe uliomwokoa shujaa ulipita mbele ya macho ya walinzi, na aliyeubeba alikuwa mtu ambaye hakuna aliyeuliza alikuwa akisema nini.