Nyota ya Mtoto Mweusi: Kujikubali Katika Kitabu cha Picha

Kitabu cha picha kiitwacho Sulwe, kilichoandikwa na Lupita Nyong'o na kuchorwa na Vashti Harrison, kilitolewa Marekani mwaka 2019 kwa Kiingereza, ingawa jina lake ni neno la Kijaluo lenye maana ya nyota. Mhusika wake, mtoto mweusi kuliko jamaa zake wote, anajaribu hata kujisugua kwa kifutio. Anaponywa na ngano ya Usiku na Mchana, ndugu wawili wa kike: Usiku alipodharauliwa akaondoka, na watu wakamhitaji. Tafsiri za Kiswahili na Kijaluo zilifuata baadaye. Hata hivyo, mtoto wa Bokoli anayelelewa kwa Kibukusu hupokea tafsiri hizo kwa lugha isiyo ya mamaye. Ni dhahiri, basi, kwamba kuikubali rangi na kuikubali lugha ni suala moja.