Mti Ulioungua Ukachipuka Tena

Leo tutoke kidogo, twende mpaka Japani, kisha turudi kwetu.

Tarehe 6 mwezi wa nane 1945, saa mbili na robo asubuhi, ndege ya Marekani iliangusha bomu la atomu juu ya mji wa Hiroshima. Kufika mwisho wa mwaka ule, watu karibu 140.000 walikuwa wamekufa. Wengi walisema kwamba kwa miaka 75 hata jani halitaota pale.

Pengine utauliza: jambo hilo latuhusu nini sisi Wakongomani? Latuhusu. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa bomu ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika Katanga, wakati wa Wabelgiji. Wababa wetu walioichimba hawakuulizwa neno.

Lakini miti mingine iliyoungua ilichipuka. Leo miti kama 160 inatunzwa Hiroshima, ndani ya kilometa mbili hivi toka mahali pa mlipuko, na kila mmoja una kibao chake. Mmoja ni aogiri. Uliungua ubavu mmoja, shina likabaki na shimo. Mwaka 1973 ulihamishwa na kupandwa katika bustani ya amani. Mama mmoja, Suzuko Numata, alikatwa mguu kwa sababu ya bomu, akakata tamaa ya kuishi. Machipukizi ya mti ule yakamrudishia moyo. Baadaye, kwa miaka mingi, alisimama chini yake akieleza watoto mambo aliyoyaona. Alifariki 2011.

Ndugu yangu, kwetu pia wazee hukaa chini ya mti kumaliza ugomvi. Na kwetu makaburi ya vita ni mengi, mengine hayana hata alama. Basi tupande. Ila tusipande ovyo. Kwanza, kaeni na chefu wa lokalite pamoja na familia za pande zote, mkubaliane juu ya kiwanja na kuandika mapatano, mti usije ukazaa kesi ya shamba. Pili, chagueni nani atautilia maji wakati wa kiangazi.

Tatu, na hili ndilo kubwa: siku moja mtoto atauliza, «Hapa palitokea nini?» Ukimjibu, «Kabila fulani walituua», umemwagilia chuki. Mtajie majina ya waliokufa, mwambie tarehe, umweleze tulivyoapa kwamba jambo lile lisirudi.

Mti haushiki nafasi ya tribinali. Aliyeua lazima ajibu mbele ya sheria, yeye mwenyewe, si jamaa yake yote. Lakini hukumu hufungiwa kabatini. Mti hubaki njiani, kila mpita njia akiuona.

Kaa na amani.