Mashairi ya Kifungoni na Walioyatoa Nje

Kutoka ufukwe wa Mwaya, Kyela, Ziwa Nyasa linashuka kusini zaidi ya kilomita 500 hadi Mangochi, nchini Malawi, na huko, katika kijiji cha Kadango, ndiko alikozaliwa mshairi Jack Mapanje. Malawi yenyewe iko karibu zaidi kuliko hapo. Ukivuka tu Mto Songwe unawakuta Wangonde, ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na kwa mila. Ndiyo maana mambo ya Kamuzu Banda, mtawala wa Malawi, hayakuwa ya ugenini kwa watu wa Kyela. Mawaziri wake walipokosana naye mwaka 1964, Kanyama Chiume na Orton Chirwa walikuja kuishi uhamishoni Tanzania. Chirwa aliishia mikononi mwa Banda mwaka 1981, akafia gerezani Zomba mwaka 1992.

Mapanje hakuwa waziri wala mgombea wa cheo. Alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Malawi, mtaalamu wa isimu, mwenye diwani moja iliyotoka mwaka 1981 na kuwachukiza wakubwa. Septemba 25, 1987, polisi walimkamata Zomba wakampeleka gereza la Mikuyu. Hakusomewa shtaka, hakupandishwa kizimbani, na hakutoka hadi Mei 10, 1991.

Mikuyu kalamu na karatasi vilikuwa marufuku. Mapanje akawa anatunga kichwani na kuyarudia mashairi yake kimoyomoyo yasije yakampotea. Hata hivyo vijibarua vilitoka. Askari mmoja alikubali kuvificha na kuvifikisha kwa padri Patrick O'Malley, aliyekuwa mwalimu mwenzake chuoni. Habari zikafika Uingereza, na Harold Pinter akawa miongoni mwa waandishi waliosimama mbele ya ubalozi wa Malawi mjini London kusoma mashairi ya mfungwa huyo. Diwani aliyoitunga kutokana na kifungo hicho ilichapishwa mwaka 1993.

Tunapozungumzia fasihi ya gerezani tunamsifu mtunzi peke yake, nami naona hapo tunapunja. Askari yule alikuwa na mshahara wa kupoteza, pengine na uhai. Kama angekamatwa, hakuna mwandishi wa London ambaye angejua jina lake.

Waswahili wanaijua habari hii tangu zamani za Fumo Liyongo. Katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo yuko kifungoni na mama yake anamletea chakula kwa mkono wa kijakazi, Saada. Walinzi wanakila kila kizuri. Liyongo anamwimbia Saada ujumbe wa fumbo: mama aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Walinzi wakaudharau mkate ule. Tupa ikakata minyororo huku ngoma na matoazi vikiufunika mlio wake. Liyongo anasifiwa hadi leo, lakini bila Saada wimbo ule ungebaki palepale ulipoimbwa.

Karne ya 20 ilimletea Abdilatif Abdalla wa Mombasa zamu yake. Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 22, aliandika waraka wa kuihoji serikali ya Jomo Kenyatta, *Kenya: Twendapi?* Akafungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, muda mwingi peke yake. Mashairi aliyaandika kwenye karatasi za chooni, na hapa tena kulikuwa na askari aliyemwonea huruma, akayavusha. Alipoachiwa alikwenda Dar es Salaam, akafanya kazi Chuo Kikuu, na *Sauti ya Dhiki* ikachapishwa mwaka 1973. Mwaka uliofuata ilipata tuzo ya fasihi yenye jina la Kenyatta mwenyewe. Miaka michache baadaye mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o naye, akiwa gereza la Kamiti, aliandika riwaya ya Kigĩkũyũ kwenye karatasi za aina hiyohiyo.

Mwaka 2015 ilitoka albamu iliyorekodiwa ndani ya gereza la Zomba, gereza lilelile alimofia Chirwa. Wameimba wafungwa wanaume, wafungwa wanawake, na askari magereza pamoja nao. Iliteuliwa kuwania tuzo za Grammy za mwaka 2016. Humo askari hakuhitaji tena kuficha chochote: naye ni mwimbaji, na sauti yake imo.