Mkono Usiotajwa: Safari ya "Ta-ta-ta-ta" Mpaka Kufika Sakina

Kama umewahi kualikwa sendoff pande za Sakina, hii picha unaijua. Saa nne usiku, ndafu imeshakatwa, kabaridi ka Meru kanapita chini ya turubai, watu wameanza kuangalia saa wakiwaza kifodi cha mwisho. MC ameshaishiwa utani. Hapo ndipo chalii mmoja aliyekaa kona, nyuma ya spika, anagusa kitu. Biti iliyokuwa inatembea kawaida inakatika vipande vipande, ta-ta-ta-ta, ta-ta-ta-ta, sauti inapanda, inakuwa nyembamba kama inatoka kwenye redio ya mkulima, kimya kidogo… halafu besi inadondoka. Mashangazi wanaacha viti. Hata mzee wa kanisa anatikisa bega.

Shughuli ikaisha. Chalii (jina lake naliacha, mwenyewe hapendi kelele) akaenda kwa mweka hazina wa kamati kuchukua hela yake. Akakuta imepunguzwa.

"Dogo, MC kasimama anaongea saa sita nzima. We si ulikuwa umekaa tu unabonyeza?"

Chalii akasema, "Sawa kaka." Akakunja nyaya zake, akaondoka.

Wadau, hiyo "unabonyeza tu" imenikaa kichwani. Maana ukiifuatilia hiyo ta-ta-ta-ta ilikotoka, unakuta historia ndefu kuliko umri wa kamati nzima. Na karibu kila kituo cha hiyo safari unakuta kitu kilekile: mkono unasikika na kila mtu, jina halijulikani na mtu.

ALIBONYEZA NINI HASA?

Tuanze na meza yake. Kulikuwa na laptopu na kontrola ya MIDI, kile kisanduku chenye vibonyezo vya mpira vinavyowaka taa na swichi za kuzungusha pembeni. Wengi wanadhani muziki unatoka humo. Hapana. Kontrola haina sauti hata moja. Kazi yake ni kutuma taarifa tu: kibonyezo hiki kimeguswa, kwa nguvu kiasi hiki, swichi ile imezungushwa mpaka hapa. Taarifa zinakwenda kwa namba, kuanzia 0 mpaka 127. Laptopu inazipokea na kuzigeuza kuwa kitu unachosikia.

Usiku ule chalii alikuwa anacheza efekti tatu. Ya kwanza ni kurudia: anakamata kipande kidogo sana cha wimbo na kukirudisha haraka haraka. Ya pili ni mwangwi, neno moja la mwimbaji linaachwa lirudi likififia. Ya tatu ni filta, ile inayonyonya besi yote mpaka wimbo unabaki mwembamba, halafu inairudisha kwa mpigo.

Sasa, ujanja hauko kwenye kuwa na hizo efekti. Programu yoyote inazo. Ujanja ni kuziingiza ndani ya mdundo. Ukikosea kidogo tu, wimbo unajikwaa na watu wanakaa. Ndiyo maana mi nasema chalii alikuwa anapiga ala.

KOO KABLA YA UMEME

Hii kazi ya kuukata mdundo na kuurudisha haikuletwa Arusha na laptopu. Panda kidogo tu kutoka Sakina kwenda upande wa mlima, uko kwa Waarusha. Wao na ndugu zao Wamaasai wana uimbaji ambao ngoma haihitajiki. Mmoja anaongoza, Wamaasai wanamwita olaranyani, na kundi linashika mdundo kwa pumzi na koo: mikoromo mizito inayorudi na kurudi huku vijana wanaruka. Kile kishindo cha koo ndicho besi yao.

Watoto wa mjini walilisikia hilo. Kundi la X Plastaz la hapa hapa Arusha lilichukua uimbaji wa Kimaasai likauchanganya na hip hop, na albamu yao ya Maasai Hip Hop ikatoka mwaka 2004. Wana wengi wa A-Chuga wanajua majina ya waliochana humo. Uliza nani alikaa studio akaipanga ile sauti ya koo ikae ndani ya biti. Utaona watu wanaangalia simu.

FUNDI REDIO WA KINGSTON

Upande wa mashine, babu wa kazi hii yuko mbali, Jamaika. Osbourne Ruddock alikuwa fundi wa vifaa vya umeme jijini Kingston, anatengeneza redio na kuunda vipaza sauti. Dunia inamjua kama King Tubby. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianza kufanya kitu ambacho fundi mitambo hakutakiwa kufanya: aliichezea mikisa yenyewe kama ala. Wimbo wa rege umeshapigwa, umeshaimbwa. Yeye anauzima uimbaji, anaacha ngoma na besi, anarudisha neno moja, analitupa kwenye mwangwi, anazungusha swichi ya filta mpaka matoazi yanalia kama nyoka. Yote kwa mkono, wakati tepu inazunguka. Akirudia kesho, haitoki sawa na jana. Muziki huo ukaitwa dabu.

Hapa kuna jambo la kumpelekea yule mweka hazina. Watu walifika mahali wakawa wananunua sahani kwa sababu ya jina la mchanganyaji. Mwaka 1976 ikatoka albamu ya Augustus Pablo yenye jina la King Tubby kwenye kichwa chake kabisa. Fundi wa nyuma ya mitambo, jina liko mbele. Kumbe inawezekana.

1983: MASHINE ZINAANZA KUELEWANA

Shida ya zama za Tubby ni kwamba kila mashine ilikuwa na kichwa chake. Kinanda cha kampuni hii hakikuelewana na ngoma ya umeme ya kampuni ile. Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM huko Marekani, kinanda cha Prophet-600 cha Sequential Circuits kiliunganishwa kwa waya na Jupiter-6 cha Roland. Kampuni mbili zinazoshindana, moja ya Marekani, moja ya Japani. Ukibonyeza kimoja, kingine kinaitikia. Lugha hiyo ndiyo MIDI. Waliosukuma jambo hilo zaidi ni Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, na mwaka 2013 wakapewa tuzo ya Grammy ya upande wa ufundi.

MIDI ilileta pia saa ya pamoja. Kila pigo moja la muziki linagawanywa mara 24, na mashine zote zinahesabu pamoja. Kwa hiyo mwangwi unajua pigo lijalo liko wapi, na ile ta-ta-ta-ta inaangukia mahali pake. Mwaka 1988 Akai wakatoa MPC60, iliyobuniwa na Roger Linn, yenye vibonyezo 16 vya kupiga kwa vidole. Unashikilia kimoja, kinajirudia chenyewe ndani ya mdundo. Mwaka 2001 ikaja programu ya Ableton Live kutoka Berlin, iliyotengenezwa kwa ajili ya jukwaani. Mwaka 2009 zikatoka Launchpad ya Novation na APC40 ya Akai, visanduku vya vibonyezo vinavyowaka. Kisanduku cha chalii wetu ni mjukuu wa hivyo.

HUKU BONGO TULIKUWA HATUJAKAA

Msidhani sisi tulikuwa tunasubiri Launchpad. Miaka ya 1990 vijana wa uswahilini Dar es Salaam walikuwa wanapiga mchiriku kwa vinanda vidogo vya Casio. Casio, ngoma, betri ya gari na spika za tarumbeta zile za kutangazia. Jagwa Music walianza mwaka 1992, na miaka 20 baadaye albamu yao ya Bongo Hotheads ikatoka Ulaya. Kile kinanda kinalia kwa ukali, mkono unarudia kipande kilekile kwa kasi mpaka mtu anapagawa. Hiyo nayo ni efekti ya mdundo, mashine yake ni kidole.

Kutoka hapo ukaja mnanda, vigodoro, na singeli. Msaga Sumu unamjua. MC wa singeli wengi unawajua. Lakini nyuma ya MC kuna mtu mwenye laptopu aliyechukua kipande cha taarabu, akakiongeza kasi, akakizungusha. Maprodyuza kama Sisso, Duke na Jay Mitta walianza kutajwa nje ya nchi mwaka 2017, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso. Baadaye DJ Travella akatoka na Mr Mixondo mwaka 2022, Sisso na Maiko wakatoka na Singeli Ya Maajabu mwaka 2024. Wakati mwingine jukwaani kontrola haipo kabisa. Ni programu ya Virtual DJ na vidole vinapiga kibodi ya laptopu kama mtu ana ugomvi nayo.

Na hapa hesabu inakuwa tamu. Chukua wimbo wa bongo fleva wa mapigo 100 kwa dakika. Kila pigo lina sekunde 0.6. Ukilikata mara nne, vipande vinapita karibu saba kwa sekunde; unavisikia kimoja kimoja. Sasa chukua singeli ya mapigo 240. Kila pigo ni robo sekunde. Ukilikata mara nne, ni vipande 16 kwa sekunde. Likate mara nane, ni 32. Na sikio la binadamu, vitu vikipita zaidi ya takribani mara 20 kwa sekunde, linaacha kusikia mapigo, linaanza kusikia mlio mmoja. Yaani kwenye singeli, DJ akikata zaidi kidogo, ngoma inageuka kuwa noti. Kibonyezo kilekile, kimoja kinakupa ta-ta-ta-ta, cha pili yake kinakupa bzzzz. Anayechagua kati ya hivyo viwili ana nafasi ya kufumba na kufumbua.

HAYA, TURUDI SAKINA

Tuseme na ukweli wa upande wa pili. Wapo wanaobonyeza tu. Unakuta mtu kapakua miksi nzima mtandaoni, anaiachia, anazungusha swichi ambayo haijaunganishwa na kitu huku akirekodiwa video. Na ni kweli pia kwamba mashine inasaidia. Ukichelewa kidogo, programu inaweza kukusogeza ukae kwenye mstari. Mweka hazina hawezi kujua tofauti kwa kuangalia mikono.

Ila anaweza kuijua kwa kuangalia viti. Saa ya MIDI inajua pigo lijalo liko wapi, haijui kama shangazi yake bibi harusi amechoka. Haijui kwamba wajomba wametoka Ngaramtoni na wanataka kuondoka mapema, kwa hiyo besi irudi sasa hivi, isisubiri. Programu inamwambia chalii lini apige ili asikosee. Lini apige ili watu wasimame, hilo anajiambia mwenyewe, kwa kuwaangalia.

Chalii alijifunza hayo kwa miaka, kwenye laptopu aliyonunua mtumba, akifanya mazoezi na hedifoni usiku ili asiamshe nyumba. Kontrola aliagiza Nairobi, ikashuka na basi kwa barabara ya Namanga ikampita mlangoni kwenda stendi mjini, akapanda kifodi kuifuata. Hakuna anayeuona huo muda. Kwenye kadi ya mwaliko jina la MC liliandikwa. Kwenye bajeti ya kamati yeye alikuwa ndani ya mstari wa "muziki", pamoja na spika na jenereta.

Sasa amebadilika kidogo. Kabla ya kazi anaandika makubaliano kwenye WhatsApp, hela nusu kwanza, na anaomba kitu kimoja cha ziada kisicho na gharama: MC amtaje jina mwanzoni. Wengine wanacheka. Wengine wanamtaja.

Basi wikiendi hii ukiwa ukumbini, biti ikikatika na mwili ukasimama wenyewe, geuka uangalie kona ya spika. Ukishatoka kucheza, nenda kamuulize anaitwa nani. Halafu rudi hapa chini utuambie, maana mi nimechoka kuandika "chalii mmoja".