Kupokezana Uchungaji Kati ya Old Moshi na Rau: Nani Huhesabiwa Katika Orodha?

Makala haya yanajadili namna uchungaji ulivyopokezwa kutoka mkono hadi mkono katika Ukristo wa Kilutheri wa Old Moshi na maeneo ya chini yake, Rau ikiwamo, tangu kufika kwa wamisheni hadi baada ya kuundwa kwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Hoja inayotetewa ni kwamba orodha ya wachungaji, yaani majina na miaka yanayofuatana kama nasaba ya watawala, humwonyesha msomaji nani aliyebarikiwa. Haimwonyeshi nani aliyelibeba kanisa. Kwa mwanahistoria tofauti hiyo si ndogo.

Jambo la kwanza ni jina la mahali. Moshi iliyotajwa na wamisheni wa karne ya 19 ni ile ya juu mlimani, penye Kidia na makao ya Mangi. Reli kutoka Tanga ilipofika chini mwaka 1911, jina lilishuka nayo, na mji mpya ukakua tambarare huku ule wa awali ukibaki kuitwa Old Moshi. Rau, ambayo leo ni kata ya Manispaa ya Moshi na yenye jina moja na mto unaoshuka kutoka mlimani, imo katika mteremko huo huo wa watu, maji na majina. Kwa hiyo historia ya uchungaji wa huku chini haiwezi kuanzia huku chini.

Haianzi na Walutheri pia. Mmisheni Mprotestanti aliyefika kwa Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, mwaka 1871 alikuwa Mmethodisti: Charles New wa misheni ya Ribe, karibu na Mombasa. Mwaka huo alipanda Kilimanjaro hadi penye theluji. Aliporudi katika safari ya pili Mandara alimnyang'anya mali, na New akafa njiani mwezi Februari 1875 kabla ya kuifikia Ribe. Kama angepokelewa vizuri, huenda sharika za mteremko huu zingekuwa za Kimethodisti, na wachungaji wake wangehamishwa kwa utaratibu ulioachwa na John Wesley, ambao haumruhusu mhubiri kuota mizizi mahali pamoja. Badala yake walikuja Waanglikana wa CMS mwaka 1885, Askofu James Hannington akiwa miongoni mwao. Nao hawakudumu. Baada ya Mangi Meli, mwana wa Rindi, kuwashinda Wajerumani vitani Juni 1892 na von Bülow kuuawa, Wajerumani waliwashuku wamisheni wa Kiingereza kuwa walimsaidia Meli kupata silaha. CMS wakahamia Taveta. Badiliko la kwanza la wachungaji Moshi lilitokana na bunduki. Hakuna baraza lililoketi.

Misheni ya Leipzig ilianza Machame mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1896. Miaka minne baadaye, tarehe 2 Machi 1900, Meli alinyongwa na Wajerumani pamoja na viongozi wengine. Ni katika nchi hiyo iliyonyongewa Mangi wake kwamba wamisheni wa Kijerumani walijenga usharika. Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na baadaye kukaa Old Moshi kwa muda mrefu kuliko mahali pengine pote, alilielewa jambo hilo kwa namna yake. Aliona kuwa kanisa haliwezi kusimama juu ya mtu mmoja mmoja. Lisimame juu ya ukoo, ujirani na marika. Vijana wa Kipaimara aliwafunga wawili wawili ili kila mmoja awe ngao ya mwenzake, na wazee akawapa kazi ya kusuluhisha na kuonya. Wapo wanaomlaumu kwa kuupenda mno Uchaga wa zamani, hata ule uliokuwa ukibadilika mbele ya macho yake: ni katika Old Moshi hiyo hiyo alikotoka Joseph Merinyo, kiongozi wa chama cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1925. Lawama hiyo ina haki. Lakini mpango wake ulikuwa na matokeo ambayo pengine hata yeye hakuyapima: uliwaandaa watu kuendesha usharika bila mmisheni.

Jaribio lilikuja mwaka 1920, Waingereza walipowafukuza wamisheni wa Kijerumani. Wamarekani wa Sinodi ya Augustana walifika mwaka 1922, lakini walikuwa wachache mno kwa mlima mzima. Katika pengo hilo walimu na wazee ndio waliokusanya watu kwa ibada, wakafundisha wakatekumeni, wakazika wafu na kuamua mashauri. Hawakuwa wachungaji. Kwa sheria ya kanisa, Meza ya Bwana ilihitaji mtu aliyebarikiwa, na hakuna Mchaga aliyekuwa amebarikiwa. Ndipo orodha inapomdanganya msomaji. Mtu akiifuata kwa majina, ataona mmisheni anaondoka, kisha nafasi tupu, kisha mmisheni anarudi katikati ya miaka ya 1920, kana kwamba usharika ulisinzia ukimngoja. Haukusinzia. Uliendeshwa na watu ambao hawakuwa na cheo cha kuandikwa.

Swali linalofaa kuulizwa ni kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo kuwabariki. Ubatizo wa kwanza wa Walutheri Kilimanjaro ulifanyika Machame mwaka 1898. Wachungaji wa kwanza Wachaga walibarikiwa mwaka 1934. Ni miaka 36, na kati ya hiyo kanisa lilikuwa limekwisha kuthibitisha kwamba linaweza kujiendesha. Elimu si sababu inayotosha, maana chuo cha ualimu cha Marangu kilikuwapo tangu mwaka 1912. Kwa maoni ya mwandishi, kilichokawiza ni mamlaka: mchungaji aliyebarikiwa ni sawa na mmisheni mbele ya madhabahu, na usawa huo ulikuwa mgumu kukubaliwa kuliko uwezo. Vita Kuu ya Pili ilipowaondoa Wajerumani tena, pengo halikuwa kama la kwanza. Safari hii walikuwapo wachungaji wenyeji.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Stefano Moshi, mzaliwa wa Kotela, Mamba, aliyeanza kama mwalimu, aliwekwa kuwa askofu wa Kanisa la Kilutheri la Tanganyika ya Kaskazini mwaka 1960, na makanisa saba yalipoungana mwaka 1963 akawa Mkuu wa kwanza wa KKKT. Alipofariki mwaka 1976 Erasto Kweka alimrithi katika Dayosisi ya Kaskazini, kisha Martin Shao mwaka 2004, kisha Fredrick Shoo mwaka 2014. Mpokezano huu wa maaskofu ni rahisi kuuandika kwa sababu mkutano mkuu hupiga kura na kura huandikwa.

Katika usharika, urithi ni mgumu zaidi. Mchungaji hapangiwi na waumini wake. Dayosisi humleta na dayosisi humhamisha, na hapo Walutheri wa Kilimanjaro wamekaribia utaratibu wa Wesley kuliko wanavyodhani. Anayebaki ni mwinjilisti wa mtaa, mzee wa kanisa na kiongozi wa kwaya, wanaomjua kila mgonjwa na kila ugomvi wa kihamba. Mchungaji mpya anapoingizwa kazini, hao ndio humpokeza usharika, ingawa kitabu husema amepokea kutoka kwa mtangulizi wake. Wanawake walisubiri zaidi ya wote: KKKT ilianza kuwabariki mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilhali kazi ya kufundisha watoto, kutembelea wagonjwa na kuombea wafiwa walikuwa wameishika kwa vizazi. Mtafiti anayeandika historia ya usharika wowote wa Rau au Old Moshi afungue basi kwanza daftari la wabatizwa na kusoma safu ya wadhamini na walimu, kabla hajanakili majina ya wachungaji.