Nani Aamue Nyumba Ijengwe: Karne Moja ya Vibali vya New York

Mwaka 1915 lilikamilika jengo la Equitable katika barabara ya Broadway, kusini mwa Manhattan. Kuta zake zilipanda wima kutoka ukingo wa kiwanja hadi kileleni, na kivuli chake kikawafunika majirani waliozoea kupata jua madirishani. Wakati huo mwenye kiwanja alijenga karibu apendavyo. Wamiliki waliohofia thamani ya majengo yao waliungana na wafanyabiashara wa Fifth Avenue, ambao hawakutaka viwanda vya nguo visogee karibu na maduka yao, na mwaka 1916 jiji likapitisha kanuni za kwanza nchini Marekani zilizogawa mji mzima katika kanda za matumizi ya ardhi. Tangu mwanzo, basi, kanuni hizo zilibeba mambo mawili: haja ya kweli ya mwanga na hewa, na hamu ya wenye mali kulinda mali zao.

Kanuni za 1916 zilikuwa pana mno. Ilikadiriwa kwamba viwanja vyote vikijengwa hadi kikomo kilichoruhusiwa, jiji lingeweza kubeba watu milioni 55. Kanuni mpya za 1961 zilishusha makadirio hayo hadi takriban milioni 12, na kwa kuwa wakazi walikuwa chini ya milioni 8, wengi hawakuona hatari yoyote. Lakini nafasi iliyobaki haikuwa kila mara pale watu walipotaka kuishi, na mwendelezaji aliyetaka kujenga zaidi ilimlazimu kuomba kanuni zibadilishwe kwa ajili ya kiwanja chake. Kuanzia hapo swali la nani atoe ruhusa lilipata uzito mkubwa.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kwamba wachache waliamua juu ya wengi. Robert Moses, afisa aliyeshika vyeo kadhaa vya ujenzi kwa wakati mmoja bila kupigiwa kura na wananchi kwa hata kimoja, alipitisha barabara kuu katikati ya mitaa ya Bronx, na bomoabomoa aliyoisimamia Manhattan iliziondoa maelfu ya familia, nyingi zikiwa za watu weusi na za Wapuerto Riko. Hasira ya enzi hiyo ndiyo iliyozaa utaratibu wa baadaye, na asiyeikumbuka atawaona wanaotetea vikao vya mtaa kuwa ni wapinga maendeleo tu. Si haki kuwaona hivyo.

Mwaka 1975 wapiga kura waliidhinisha mabadiliko ya katiba ya jiji, na ukaanzishwa utaratibu wa kukagua maombi ya matumizi ya ardhi, unaojulikana kwa kifupi kama ULURP. Ombi lilipita kwanza katika mojawapo ya bodi 59 za jamii, ambazo zilitoa ushauri tu, kisha katika Tume ya Mipango Miji. Mwisho lilifika Bodi ya Makadirio, iliyokuwa na neno la mwisho. Ratiba rasmi ilikuwa na kikomo, ingawa maandalizi kabla ya saa kuanza kuhesabiwa yangeweza kuchukua miaka.

Bodi ya Makadirio ilikuwa na kasoro moja kubwa: Brooklyn, mojawapo ya wilaya tano za jiji, yenye watu zaidi ya milioni 2, ilikuwa na kura sawa na Staten Island iliyokuwa na watu chini ya laki 4. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mpangilio huo unakiuka usawa wa kura. Mwaka huohuo wananchi wakapiga kura tena, bodi ikafutwa, na mamlaka juu ya ardhi yakahamia Baraza la Jiji, lililopanuliwa hadi madiwani 51.

Hapo ikaota mizizi desturi ambayo haikuandikwa katika sheria yoyote: mradi ukiwa katika eneo la diwani fulani, wenzake humfuata anavyopiga kura. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Diwani anayemheshimu mwenzake leo hutarajia kuheshimiwa kesho. Desturi hiyo ilivunjwa mara chache, kama ilivyotokea mwaka 2021 katika mradi wa kituo cha damu upande wa mashariki wa Manhattan, lakini kwa kawaida neno la mtu mmoja lilitosha. Na mtu huyo alikuwa na sababu za kuogopa. Marjorie Velázquez wa Bronx aliupinga mradi wa nyumba huko Throggs Neck, akaja kuukubali mwaka 2022, na mwaka uliofuata akashindwa uchaguzi.

Mfano uliowachoma wengi ulitokea Harlem. Mwaka 2022 mwendelezaji aliomba kujenga nyumba zaidi ya 900 katika Mtaa wa 145. Diwani wa eneo, Kristin Richardson Jordan, alikataa kwa hoja nzito: nyumba nyingi zingekuwa ghali kwa wakazi wa Harlem, na kodi ingewasukuma nje. Ombi likaondolewa, na mwanzoni mwa 2023 kiwanja hicho kikafunguliwa kuwa maegesho ya malori. Wakazi hawakupata nyumba ghali wala nafuu, walipata moshi. Mradi uliorekebishwa ulipitishwa mwaka 2025, diwani akiwa mwingine.

Wakati huo uhaba ulikuwa umekithiri. Uchunguzi wa jiji wa mwaka 2023 ulikuta kwamba nyumba za kupanga zilizokuwa wazi ni asilimia 1.4 tu, kiwango cha chini kabisa tangu 1968. Wapo wanaosema chanzo ni utaratibu wa vibali, na wapo wanaotaja bei ya ardhi, riba, gharama za ujenzi, na msamaha wa kodi kwa wajenzi uliokwisha muda wake mwaka 2022. Naona maelezo haya hayapingani. Riba na gharama huamua ni nyumba ngapi zinaweza kujengwa mwaka fulani. Vibali huamua ni wapi. Riba, hata hivyo, ilikuwa juu jijini kote, kwa hiyo haiwezi kueleza kwa nini baadhi ya maeneo yalipata maelfu ya nyumba za bei nafuu na mengine yakakaribia kukosa kabisa. Tofauti hiyo inaelezwa vizuri zaidi na mamlaka ya diwani kukataa.

Desemba 2024 Meya Eric Adams aliteua tume ya kupitia katiba ya jiji, chini ya uenyekiti wa Richard Buery. Tume kama hiyo hupeleka mapendekezo moja kwa moja kwa wapiga kura bila kupitia Baraza, na hilo lilikuwa na maana kubwa, kwa kuwa Baraza ndilo lililokuwa likiombwa kuachia sehemu ya mamlaka yake. Pendekezo la kwanza kati ya matatu makuu lilifungua njia ya haraka kwa nyumba za bei nafuu zenye fedha za umma, na pia kwa miradi yenye sehemu ya nyumba nafuu katika maeneo 12 kati ya 59 ya bodi za jamii yaliyojenga nyumba hizo kidogo kuliko mengine. La pili lilifupisha ukaguzi wa miradi midogo. La tatu liliunda bodi ya rufaa ya watu watatu: meya, spika wa Baraza na kiongozi aliyechaguliwa wa wilaya husika.

Spika Adrienne Adams na Baraza lake walipinga vikali. Walisema maswali ya kura yameandikwa kwa lugha inayompotosha mpiga kura, na kwamba kura ya diwani ndiyo silaha pekee ya mtaa ya kudai nyumba nafuu zaidi, shule au bustani. Hoja hii ya pili ina ukweli, kwani makubaliano mengi mazuri yalipatikana kwa tishio la kukataa. Udhaifu wake ni kwamba miradi ambayo haikuletwa kabisa, kwa kuwa jibu lilijulikana mapema, haionekani katika hesabu hiyo.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 4 Novemba 2025, na zaidi ya watu milioni 2 walijitokeza, idadi ambayo uchaguzi wa meya haukuwa umeifikia tangu 1969. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala aliyeshinda umeya siku hiyo, alikwepa kutaja msimamo wake wakati wote wa kampeni. Siku ya kura ndipo aliposema ameyakubali mapendekezo ya nyumba. Yote matatu yalipita, kila moja kwa zaidi ya asilimia 55.

Baraza halikunyang'anywa kila kitu. Mabadiliko makubwa ya kanda bado yanapita mikononi mwake, na diwani bado anaweza kuwashawishi wenzake waukatae mradi. Lakini mradi huo ukiwa na nyumba za bei nafuu, mwombaji anaweza kukata rufaa, na wawili kati ya wale watatu wakikubaliana, uamuzi wa Baraza unatenguliwa.